Gitaa Alilolikataa Shemeji

Kikulacho ki nguoni mwako, na Mama Kijiti alikuwa na hakika kwamba chake ni shemeji yake. Wanamuziki walimwita Mama Kijiti kwa sababu ya kile kijiti cha kuongozea okestra, ambacho aliweza kumwelekezea mpiga fidla aliyechelewa mpaka mtu akajisikia yuko uchi. Shemeji, mdogo wa mumewe, ndiye aliyekuwa mpiga gitaa pekee katika familia, na ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua gitaa la umeme. Sasa kule kumwamini kulimwasha Mama Kijiti kama upupu.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Baba yake, aliyetyuni piano za watu, yaani kuzirekebisha sauti, tangu ujana, alikuwa ametunga muziki mrefu wa fidla, chelo na piano, kisha akataka katikati liingie gitaa la roki lenye kunguruma. Majirani walisema uzee umempanda kichwani. Binti yake alisema majirani wana wivu. Wangerekodi sebuleni kwa Mzee, makochi yametolewa nje na mablanketi yametundikwa madirishani, kwa mitambo waliyoazimwa Jumamosi moja tu. Mama Kijiti aliapa kwamba Baba ataisikia kazi yake ikiwa safi, angali na nguvu za kuipiga piano mwenyewe, na atakayeiharibu atamtambua.

Walipokwenda dukani alilipenda gitaa jekundu. Lilikuwa na mkono mwembamba wa chuma wa kuyumbisha sauti, na likilia lilipenya mpaka kwenye mifupa. Shemeji alilipapasa kidogo, akalirudisha ukutani.

"Hili halitufai."

"Kwa nini?"

"Basi tu, shemeji. Tuchukue lile la kahawia."

Akatazamana na muuzaji. Mama Kijiti aliliona hilo jicho. Gitaa la kahawia lilikuwa zito kama mlango, halina mkono wala madaha. Wakaja kwenye amplifaya, spika ya kukuzia sauti ya gitaa. Mama Kijiti alikuwa akiiwazia ndefu kama kabati, Shemeji akamwonyesha kitu cha kubeba kwapani.

"Tunarekodi okestra, wewe unanipa redio ya jikoni?"

"Debe tupu ndilo linalovuma, shemeji. Ile kubwa itaingia kwenye maikrofoni za fidla zote. Hii tunaifungia stoo, tunaiwekea maikrofoni yake puani, na mlango tunaufunga. Na mngurumo tunautia kidogo tu, ukizidi fidla zinazama."

Jibu lilikuwa na akili, na hilo ndilo lililomkera. Anayetaka kukuuzia mbuzi kwenye gunia hakosi kukusifia gunia. Akajifanya anatazama mikanda ya kuvalia gitaa, masikio kayaacha nyuma.

"Sasa dada atajua lini?" muuzaji alinong'ona.

"Hatajua. Na wewe funga mdomo."

 Wamekula njama, Mama Kijiti akajiambia, wananiuzia lililododa. Alinyamaza, si kwa upole bali kwa kutaka kumshika mtu na ugoro mkononi.

Mazoezi yakaanza. Desturi ya nyumba ile ilikuwa moja: Mzee anagonga sauti kwenye piano, wote wanaifuata, kisha anamgeukia binti yake. "Iko sawa?" Naye hujibu papo hapo, "Iko sawa, Baba." Ilikuwa hivyo tangu akiwa mtoto wa kupakatwa kwenye kiti kile kile cha piano.

Shemeji tu ndiye aliyekuwa akitoka barazani na kufunga mlango ili kutyuni gitaa lake. Siku moja Mama Kijiti alifunua pembe ya blanketi akachungulia. Kichwani mwa gitaa kilibanwa kile kipimio kidogo kinachowaka kijani sauti ikiwa sawa. Kikawaka kijani. Shemeji akaendelea kuulegeza uzi mpaka kikawa chekundu, akahamia uzi wa pili, akaufanya vivyo hivyo. Mtu mzima, tena ndugu wa mume, analiharibu gitaa kwa makusudi!

Kesho yake, siku moja kabla ya kurekodi, alikwenda dukani peke yake na wala hakusalimia.

"Mmekubaliana nini na shemeji yangu?"

Muuzaji alifuta kaunta iliyokwisha kuwa safi. "Dada, mimi usiniweke kati. Yeye alitaka gitaa linaloshuka bila ugomvi. Lile jekundu nyuzi zake zimeshikwa na springi, ukilegeza mmoja, nyingine zinapanda. La kahawia linatulia."

"Lishuke kwa nini?"

"Lifuate piano ya Mzee. Piano yenu iko chini, dada."

 Mama Kijiti akaazima kipimio pale kaunta, akaenda nyumbani kwa Baba, akamkuta amelala. Akakibana kwenye piano, akagonga kibao kimoja. Chekundu. Akagonga kingine. Chekundu. Piano ilipatana yenyewe kwa yenyewe bila kasoro, ila ilikuwa imeshuka yote pamoja. Akakumbuka ule uma wa chuma ambao Baba alikuwa akiugonga gotini kupata sauti ya kuanzia. Aliuacha siku nyingi, akisema sauti anayo kichwani. Kumbe sauti ya kichwani nayo huzeeka. Na yeye, kondakta mzima, hakusikia kitu, kwa maana masikio yake yalityuniwa na mtu yule yule. Alikaa kwenye kile kiti akalia, kwa aibu kwanza, halafu kwa uchungu.

Alimkuta Shemeji stoo akikunja waya. "Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe hujui kusema uongo, shemeji. Ungemwambia, na ingemvunja moyo. Fidla zinashuka, gitaa linashuka. Sikio la Mzee ndilo haliwezi kupanda tena."

Jumamosi, Mzee aligonga sauti. Fidla zikafuata. Shemeji akanyanyua gitaa kuelekea mlangoni.

"We kijana," Mzee alisema. "Mbona unatyuni nje kama mwizi? Kaa hapa nikusikie."

 Kipimio kilikuwa kimebanwa pale pale kichwani mwa gitaa, kinasubiri kuwaka mbele ya Mzee. Mama Kijiti alivuka sebule, akakibandua, akakitia mfukoni.

"Fuata piano, shemeji."

Shemeji akalegeza uzi mmoja mmoja kwa sikio tu. Mzee alisikiliza amefumba macho, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kumbe anaweza. Nilikuwa namtilia shaka huyu."

"Hata mimi, Baba."

Mzee akamgeukia kama kawaida. "Iko sawa?"

Safari hii jibu lilichelewa, na Mzee akamkazia macho.

"Iko sawa, Baba," alisema, akakiinua kijiti juu kabisa, ili watu wakitazame hicho wasimtazame yeye.