Kikombe cha Jirani

Toroli la chai lilinipita. Lilisimama kitanda cha kwanza, likasimama cha tatu, na mkono wangu mimi wa kitanda cha pili ukabaki hewani.

"Nesi, umenisahau," nikasema.

"Wewe hupewi," akajibu bila kugeuka.

Wewe. Jirani yangu wa kitanda cha tatu alikuwa ameitwa "mama". Nikajitazama: kandambili zilizoshonwa kwa waya, kidole gumba chenye wino wa mapokezi kwa kuwa sikujua kusaini. Nikajipa jibu mwenyewe.

Jirani alinisogezea kikombe chake. "Kunywa, dada. Hapa chai ina wenyewe. Mtoto wako asije akazaliwa na kiu."

Nikanywa nusu, haraka haraka, kama mwizi.

Miaka kumi na minne imepita. Sasa nasoma darasa la jioni, magoti yamenasa chini ya dawati la mtoto, na juzi tu, katikati ya imla, nikakumbuka kwamba jirani yule naye alikuwa na wino kidoleni. Kalamu ikasimama. Kama si wino ulionifanya niitwe "wewe", ni nini?

Siku ile ya chai, daktari alipokuja akaniuliza kama nimetia kitu tumboni. Ningeweza kukana. Nikasema, "Chai, nusu kikombe."

Akaonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, juu ya kichwa changu. Mimi nilidhani ni namba ya kitanda. "Imeandikwa hapo, asile wala asinywe. Ulikuwa unangojea upasuaji. Ukitapika katika usingizi wa dawa, utapaliwa ufe."

"Nani aliniambia?"

"Imeandikwa," akarudia, taratibu, kama anayesema na kiziwi.

Tukangoja chai ishuke. Nesi yuleyule akawa anakuja kila mara, anaweka sikio kwenye kipaza cha mbao alichokigandamiza tumboni mwangu, anahesabu mapigo ya mtoto midomo ikichezacheza. Nilimwomba Mungu kwa maneno yasiyopangika. Mara ya saba nesi hakumaliza kuhesabu. Alikimbia. Nikamsikia ukumbini, "Daktari, mtoto anachoka. Tukingoja tutampoteza."

Wakanipasua papo hapo. Binti yangu alitolewa kimya. Waliniambia baadaye kwamba nesi ndiye aliyemsugua mgongo mpaka akakohoa, kisha akalia.

Asubuhi nesi akaja kubadilisha shuka.

"Kwa nini hukuuliza?" akasema.

"Nilikuita. Ulinipa mgongo."

Akakunja pembe ya shuka, akaikunjua, akaikunja tena. "Jana nilikuwa na wazazi kumi na tisa, peke yangu."

Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa samahani.

Katika sala zangu huwataja watu mmoja mmoja: binti yangu, mwalimu, wenzangu wa darasa. Nikifika kwa nesi, ulimi hukwama. Nimsamehe, au nishukuru kwa ajili ya miguu yake iliyokimbia? Mungu anajua nilivyojaribu yote mawili. Basi humtaja tu, kisha nikaendelea na wengine.