Wino wa Kupanda Mlima

Bondeni Caranavi, kwenye machungwa na kahawa, Basilia alikuwa na kazi yake ya mezani: kujaza wino katriji tupu za printa ya dada yake. Dada huyo, Eulogia, aliishi juu kabisa mlimani, El Alto, kwenye baridi ya kung'ata masikio. Kila ulipokaribia msimu wa kuwapokea marehemu, aliwachapia majirani picha za wapendwa wao, za kuweka mezani kati ya mishumaa na mikate yenye nyuso. Mama yao ndiye aliyepanga hivyo. Printa alimpa mkubwa, wino akamwachia mdogo, maana aliwajua wanawe: wasipohitajiana, watanuniana mpaka kiyama.

Sasa mama mwenyewe alikuwa marehemu, na mwaka huu ndiyo ilikuwa meza yake ya kwanza.

Tangu mazishi, kila katriji iliyopanda mlima ilifika imejitapikia. Ya kwanza Basilia alikubali kosa ni lake. Aliijaza pomoni huku analia, asione kwamba imejaa. Ya pili akaipunguza wino, ila akaiziba kwa selotepu juu na chini, kila tundu. Ikavuja. Ya tatu akaizungushia selotepu kama kitoto kichanga kwenye shuka, nayo ikavuja kupita zote, ikachafua kitambaa cheupe alichokifuma mama.

"Mikono yako siku hizi haishiki kitu," Eulogia alimwambia kwenye simu. "Hii inayokuja ikivuja, nitanunua wino wa sokoni, tusisumbuane tena."

Hilo neno, tusisumbuane, Basilia alilala nalo na kuamka nalo.

Basi, katriji ya mwisho aliijaza kwa adabu zote. Alichomeka sindano polepole mpaka kwenye sifongo, akasukuma wino tone kwa tone, na ulipochungulia tunduni akavuta kidogo kuurudisha. Akaikalisha juu ya karatasi laini mpaka ikaacha kulia. Kisha akaziba kila tundu kama zile mbili zilizotangulia, akaiweka kwenye kikombe juu ya karatasi nyingine, akaamua kuipeleka mwenyewe. Akapanda lori la machungwa la jirani yake Casiano, kikombe mapajani na mfuko wa bisi za njiani pembeni.

Lori likapanda mpaka mawingu yakabaki chini. Casiano akautupia jicho ule mfuko wa bisi, uliokuwa umevimba mpaka unang'aa.

"Jirani, mfuko wako una mimba."

"Ya nani?"

"Usiniangalie mimi. Hiyo ni hewa ya bondeni, umeifungia humo. Huku juu inajitanua, inatafuta pa kutokea."

Basilia alikuwa anacheka, akaacha. Alichungulia kikombe. Pembeni mwa selotepu ya chini, pale katriji inapotolea wino, chozi la buluu lilikuwa limeanza kuning'inia. Tundu la chini lilitakiwa kuzibwa, wino usikauke. Lakini yale matundu madogo ya juu yalikuwa ya kupumulia; enzi za mama aliyaacha wazi, na sasa kwa kuogopa kugombezwa alikuwa ameyanyonga. Akayabandua selotepu kwa ukucha. Katriji ikatoa kisauti chembamba, fyuu, kama mtu aliyetua mzigo. Akalifuta lile chozi, akangoja. Halikuja jingine. Akazidi kuchungulia mpaka Casiano akamuuliza kama amebeba yai linalotaka kuanguliwa.

Eulogia alimpokea na kisu cha vitunguu mkononi. Kabla ya salamu alimtazama vidole. Supu ya karanga ilikuwa jikoni, meza imeshapambwa, na katikati pameachwa pengo la picha. Adhuhuri marehemu wangefika.

Basilia hakuanza na kujitetea.

"Kitendawili," alisema.

Tangu mama afariki, neno hilo halikuwa limesikika nyumbani humo. Eulogia aliendelea kukatakata, kisha kisu kikapunguza mwendo.

"Tega."

"Nikimziba pua, analia kwa mdomo."

"Mtoto mwenye mafua."

"Siye."

"Wewe, ukinyimwa neno."

"Umekaribia, ila siye. Nipe mji."

"Chukua Oruro."

"Oruro baridi, siutaki."

"Basi chukua huu wangu, ukae hapa mpaka kesho tuwasindikize marehemu. Sema jibu, supu yangu inaungua."

Basilia akafunua kikombe. Kwenye karatasi palikuwa na alama moja, ndogo kama jicho la sisimizi. Akamweleza habari ya bisi na ya matundu ya juu. Eulogia akaigeuzageuza katriji, na vidole vyake havikushika wino hata kidogo.

"Kumbe nilikuwa nakugombeza wewe badala ya mlima," alisema.

Picha ilitoka taratibu: kofia kwanza, kisha paji la uso, kisha ule mdomo wa mama uliokuwa kama unataka kutega. Wakaisimamisha kwenye pengo lake, wakaketi bega kwa bega, mishumaa ikawashwa, na kengele ya adhuhuri ikawakuta hivyo.

Kesho yake, Basilia alipokuwa anafunga mzigo, Eulogia alimletea katriji zote zilizokwisha, amezifunga kwenye skafu yake mwenyewe ya sufu. Habari ya wino wa sokoni hakuigusa.

"Ujaze," alisema. "Na skafu nitaitaka, kwa hiyo uilete mwenyewe."