Kufiwa Si Ugonjwa

Wali ulikuwa mweupe, wa maji matupu, na juu yake kijiko kimoja cha samli. Bipana Rijal aliula kwa mkono, ameketi sakafuni kando ya kitanda chake cha bwenini, sahani ya karatasi mapajani. Chumvi hakuna. Kitunguu hakuna. Ndio ulikuwa mlo wake wa kutwa nzima, na kesho yake ilikuwa mtihani wa kemia.

Kitandani halali. Analala chini juu ya shuka, amevaa suruali nyeupe na fulana nyeupe, maana kitambaa cha kufiwa kisichopita cherehani angekipata wapi katika mji ule wa Minnesota, ambako duka la karibu huuza majaketi na risasi za kuwindia? Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya milimani, Nepal. Kidole tumbo kilimpasukia njiani, mvua imekata barabara, na daktari yuko ng'ambo ya pili ya maporomoko ya udongo. Walimchoma siku ileile kando ya mto, kama wanavyofanya kwao, hata kabla binti hajajua. Bipana alikuja Marekani akitaka udaktari. Baada ya kupigiwa simu ya msiba hakutaka kitu kingine chochote duniani.

"Hana mtoto mwingine, mwanangu," mama yake alimwambia kwenye simu. "Baba yako mdogo kawasha moto, sawa. Lakini kufunga ni kazi ya mtoto. Siku kumi na tatu. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Na masomo?"

"Masomo yapo tu."

Hakumwambia mama yake yote. Kemia ile haikuwa na habari na mtu aliyefiwa. Chuo kilitoa ruhusa ya siku tatu kwa msiba wa mzazi, tena kwa sharti la kuleta ratiba ya mazishi iliyochapwa. Ratiba gani? Watu wa kijijini kwao hawachapishi ratiba ya kumchoma mtu. Kwa hiyo hata zile tatu hakupewa.

Maabarani alifanya kazi meza moja na Cody Brandt, mtoto wa daktari wa meno, kijana mrefu mwenye vicheko. Cody alinyoosha mkono kumpa chupa, Bipana akarudi nyuma.

"Vipi, nanuka?"

"Nimefiwa na baba. Mpaka siku ziishe siguswi na mtu, nakula mara moja, na chumvi siionji. Iweke mezani, nitaichukua."

"Aisee. Pole sana." Akaiweka. "Hata chipsi?"

"Hata chipsi."

"Mimi ningekufa siku ya pili." Alicheka, halafu akashtuka, akaomba radhi mara mbili.

Hakuwa mtu mbaya, Cody. Hilo ndilo linalokera zaidi.

Siku ya mtihani Bipana alisoma swali la kwanza, akalisoma tena, herufi zikawa zinaelea. Jasho jembamba lilimtoka mgongoni. Mambo aliyoyajua kama jina lake yalikuwa upande wa pili wa ukungu, anayaona, hayafikii. Akarudisha karatasi nusu nzima ikiwa tupu. Cody naye alifeli vibaya, kwa sababu juma lile timu yake ya hoki ilikuwa na mechi.

Zahanati ya chuo walimpima presha. Muuguzi akatikisa kichwa. "Iko chini mno. Dawa yake rahisi. Kula chumvi."

Akaenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa Bi. Marlene, mama wa makamo mwenye bakuli la peremende mezani.

"Nataka kuliacha somo la kemia," alisema Bipana. "Nilisome upya nikitulia. Wenzangu wanaacha. Cody ameacha jana, amesaini tu."

"Cody ni Mmarekani, mpenzi. Akiacha somo, kaacha somo. Wewe ukiacha, masomo yako yanapungua chini ya kiwango cha viza. Lazima niripoti. Ukishatoka kwenye viza, unarudi kwenu."

"Hakuna namna yoyote?"

"Ugonjwa. Mgonjwa anaruhusiwa kupunguziwa."

"Baba yangu amekufa."

"Najua, na nimesikitika kweli. Lakini kufiwa si ugonjwa." Bi. Marlene alisogeza kiti karibu, akashusha sauti. "Sikia. Nenda kwa mshauri wa afya ya akili. Mwambie hulali, huli, unaona maisha hayana maana. Atakuandikia. Mimi nitapiga muhuri, yamekwisha."

Bipana aliangalia mikono yake. Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa binti wa mtu, anafanya anachopaswa kufanya. Ati sasa aingie kwa mtu baki, ndani ya siku za baba yake, siku ambazo hata neno la uongo ni najisi, aseme kwamba kumlilia baba ni maradhi ya kichwa?

"Siumwi," alisema.

"Basi sina la kukusaidia. Chukua peremende."

Akapata D.

Siku kumi na tatu zilipokwisha alioga, akavaa nguo ya rangi, akatia chumvi kwenye dengu. Chozi lilimtoka kwa ladha ile. Halafu akaenda kwa Profesa Lindahl, mkuu wa kamati inayowaombea wanafunzi nafasi za udaktari. Bila barua ya kamati hiyo, ombi halifiki popote.

"Pandisha alama, Bipana," profesa alimwambia, akimsindikiza mlangoni. "Mlango haujafungwa."

Basi alipandisha. Alisoma kama mtu anayefukuzwa. Alirudia kemia, akapata A, ya juu kuliko zote darasani. Fizikia A. Baiolojia A. Kati ya darasa na darasa alivaa aproni akahudumu katika ukumbi wa chakula, maana nje ya chuo viza haikumruhusu kufanya kazi. Profesa akamweka awe mwalimu wa ziada wa kemia, na mwanafunzi wake wa kwanza akawa Cody, aliyerudi kulisoma somo lile upya. Alimfundisha majira yote ya baridi. Alimchorea molekuli kwenye vitambaa vya karatasi vya mezani mpaka kijana akaelewa. Cody akapata A, akamnyanyua juu kwa furaha mbele ya watu.

Mwaka wa mwisho, majira ya kuomba yalipowadia, Profesa Lindahl alimwita ofisini. Alikuwa amevua viatu, ana soksi nzito za sufu, amestarehe.

"Hatutakuandikia," alisema.

Bipana alidhani hakusikia vizuri.

"Vyuo vingi vya udaktari havichukui wageni kabisa. Vichache vinavyochukua vinataka asiye na doa. Wewe una ile D."

"Niliirudia. Nilipata A."

"Wanazisoma zote mbili. D haifutiki."

"Hili la wageni ulilijua siku ile uliponiambia nipandishe alama?"

"Ni jambo linalojulikana."

"Mimi sikulijua. Umeniacha nikimbie miaka miwili."

"Na umekimbia vizuri. Nimekusifu mbele ya wenzangu wote." Alitabasamu kwa upole, na upole ule ulimchoma Bipana kuliko tusi. "Elewa upande wetu. Katika kila kumi tunaowaandikia, tisa huingia. Wazazi wanaleta watoto wao hapa kwa sababu ya hesabu hiyo."

"Na msiowaandikia?"

"Hao hawamo kwenye hesabu."

"Cody alifeli mtihani uleule, siku ileile."

"Cody aliacha somo. Hana D, ana A."

"Hiyo A nimemfundisha mimi."

"Ndiyo maana nilitaka tuzungumze. Mwaka ujao, ukipata namna ya kubaki kihalali, tungependa uendelee kuwafundisha. Wanaopita kwako wanaingia udaktari wote." Akafungua jalada, akalifunga. "Kungekuwa na sababu, labda. Ugonjwa, kitu kilichoandikwa. Sioni chochote hapa."

"Nilifiwa na baba."

"Ndiyo. Lakini hapa hapajaandikwa kitu."

Bipana alitoka bila kuaga. Kwao mdogo hamwachi mkubwa bila kuaga, na mara ile hakujali.

Majira ya kuchipua chuo kiliwaandalia chakula waliokubaliwa udaktari, wao na wazazi wao. Vitambaa vyeupe, maua, nyama ya kuoka na viazi. Msimamizi wa ukumbi alimpanga Bipana zamu hiyo, naye akaishika, kwa sababu zamu ni zamu. Cody alimpungia mkono kutoka meza ya mbele. Profesa Lindahl akasimama.

"Mmoja wetu aliandika insha," alisema, "ambayo wasaili walimwambia hawajawahi kusoma mfano wake. Nimemwomba atusomee."

Cody alikunjua karatasi. Alisoma habari za rafiki yake, msichana wa milima ya Himalaya, aliyefiwa akiwa mbali na kwao. Akavaa nyeupe. Akalala sakafuni. Akakataa kuguswa. Siku kumi na tatu hakuonja chumvi. Na yeye Cody, akimtazama ng'ambo ya meza ya maabara, akaelewa kwamba mgonjwa si mwili tu, kwamba kila mtu anabeba huzuni ya kwao, na kwamba huyo ndiye daktari anayetaka kuwa.

"Kwa babu yake," alisoma Cody, "alifanya yote hayo kwa upendo wa babu yake."

Bipana alikuwa nyuma ya ukumbi, sahani chafu mikono miwili.

"Baba," alisema.

Vichwa viligeuka.

"Ni baba yangu. Hakuwa babu."

Cody akawa mwekundu hadi masikioni. Profesa Lindahl ndiye aliyeokoa jahazi. "Na huyo hapo, rafiki mwenyewe," alisema, akamwelekezea mkono. "Tuko naye. Tumpigie makofi."

Wakampigia. Walisimama kabisa, madaktari watarajiwa na mama zao na baba zao, wengine machozi yanawatoka, wakampigia makofi mtumishi mwenye sahani. Yaliendelea mpaka yakachoka yenyewe, watu wakakaa, visu vikaanza kulia tena.

Mama mmoja wa meza ya karibu alimgusa mkono kwa upole, macho bado mekundu. "Maneno mazuri mno yale," alimnong'oneza. "Samahani mpenzi, nisogezee chumvi. Viazi havijakolea."

Kichupa kilikuwa nyuma ya maua. Bipana alikichukua. Alikitazama, kisha akakitia mfukoni mwa aproni. Akaenda meza ya pili, akachukua cha pale. Ya tatu. Ya nne. Alizunguka ukumbi mzima bila haraka, anainama, anachukua, mfuko unavimba na vioo vinagongana pajani mwake. Watu walimpisha mikono wakidhani anaondoa vyombo. Cody pekee ndiye aliyekuwa anamtazama, naye alikuwa ameacha kula.

Meza ya mbele Profesa Lindahl alikata kipande cha nyama, akakitafuna. Akaangaza kushoto na kulia kati ya vyombo, akaikosa chumvi. Halafu akainua kidole kumwita.