Bibi Aibiwe, Apate Kusafiri

Safari ya Arusha iliandaliwa na Tume, na Tume ilikuwa mimi. Ndugu yangu yeyote akikuambia kwamba naye alihusika, mheshimu kwa ajili ya umri wake, lakini usimwamini.

Ilikuwa likizo ya Juni. Nilikuwa nimetoka bweni, kidato cha tatu, na baba yangu, Laurenti, ambaye ni mwalimu Lindi mjini, alinituma Likawage kwa mama yake, Bibi Romana. Kazi yangu ilikuwa moja: nimwandae Bibi kwa safari, kisha nimsindikize mpaka Arusha. Huko yuko Shangazi Dativa, binti pekee wa Bibi, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba zake mbili za kwanza ziliharibika. Hii ya tatu ilishika. Shangazi ni mtu wa kujibu kila jambo "hamna shida", lakini safari hii alimpigia Baba simu akilia.

"Kaka, namtaka Mama. Nikiingia leba nataka nimsikie yuko nje ya mlango."

Hakuomba kingine.

Tume ilianza kazi siku hiyo hiyo niliyofika. Nilimkalisha Bibi kwenye mkeka uani, nikasimama mbele yake mikono nyuma, kama mkuu wetu wa shule siku ya kufunga muhula.

"Mheshimiwa Bibi. Jiji la Arusha liko nyanda za juu, chini ya Mlima Meru. Mwezi huu kuna baridi kali. Watu wanalala na mablanketi mawili."

"Na wewe utalala na nani, mke mwenzangu?" Bibi aliuliza. Ananiita mke mwenzake tangu nizaliwe, eti babu yangu Optatus, Mungu amrehemu, alinichumbia nikiwa na siku saba.

"Hilo liko nje ya mamlaka ya Tume. Pili, kuna boma la Wajerumani. Lina zaidi ya miaka mia moja, na siku hizi ni makumbusho. Tutalitembelea."

"Boma la Mjerumani lipo Kivinje, linabomoka pale pale, na sijawahi kulipa nauli kwenda kulitazama. Walimkimbiza babu yangu mpaka akaishi porini anakula mizizi. Leo nikae kwenye basi siku mbili nikawapigie hodi?"

"Hawapo, Bibi. Walishaondoka."

"Vizuri. Endelea."

"Tatu, Mlima Meru ni volkano." Hapo nilishusha sauti, maana somo la jiografia ndilo pekee ninalolipenda. Nilimweleza jinsi mlima ule ulivyowahi kulipuka ubavu wake mmoja ukaporomoka wote, na jinsi majivu yake yalivyofanya udongo wa kule uoteshe migomba kama magugu.

"Ulitoa moto lini mara ya mwisho?"

"Zaidi ya miaka mia iliyopita."

"Basi umeshapumzika vya kutosha," alisema Bibi. "Siendi."

Nilicheka. Bibi hakucheka. Aliinua kidevu kuelekea shambani.

"Mlima siuogopi, mjukuu wangu. Kinachonizuia ni kile pale."

Kilichomzuia kilikuwa ekari mbili za ufuta. Majani yalikuwa yameanza kuwa njano, na kwa mtu wa Likawage hiyo ni sawa na kengele ya hatari. Ufuta ukichelewa kukatwa, maganda yanapasuka yenyewe na mbegu zinamwagika chini, ukabaki na vijiti. Ukiuwahi, unaukata, unaufunga vitita, unavisimamisha kwenye kichanja vikauke, unavikung'uta juu ya turubai, unavirudisha tena vikauke, unavikung'uta tena. Kazi ya majuma matatu, na kila siku lazima mtu awepo, la sivyo mbuzi watakushukuru. Mazao yale ndiyo bati la Bibi, dawa zake za presha, na sehemu ya ada yangu.

Baba alipendekeza kwa simu tuweke vibarua. Bibi alikataa. Vibarua wa mwaka juzi, alisema, nusu walikung'utia kwenye turubai na nusu mifukoni mwao.

"Tuwaombe majirani," nikasema.

"Majirani wana ufuta wao. Na nikiwaomba watakubali, hapo ndipo tatizo lilipo. Tangu babu yako afariki kijiji kizima kimenibeba. Huyu kanifungia bati, yule kanichotea maji. Mwisho mtu anakuwa furushi. Simwombi mtu tena."

Kisha alichukua simu yangu akampigia Shangazi, akamwambia kwamba atakuja mwishoni mwa mwezi wa saba, ufuta ukiwa ndani.

"Hamna shida, Mama," alisema Shangazi.

Lakini hakukata simu. Tulimsikia anahema tu. Bibi alikaa ameishika ile simu mbele ya uso wake kwa viganja viwili, kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Ilipokatika, aliingia ndani akaanza kufagia chumba ambacho nilikuwa nimeshakifagia.

Tume ilikutana kwa dharura chini ya kichanja cha vyombo. Ikaamua kwa kauli moja kwenda kwa Bi Somoe.

Bi Somoe ni mtani wa ukoo wetu. Yeye ni Mwislamu, sisi ni Wakatoliki, lakini utani wetu ni wa tangu mababu, na katika utani sheria ni hizi: mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, kuchukua jogoo wako bila hodi, na wewe huruhusiwi kununa. Alipozikwa Babu, Bi Somoe aliingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza, akasema amelipenda na hatoki mpaka apewe kuku. Bibi alicheka siku ile, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Sheria ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Mtani hashukuriwi. Ukimshukuru umemfanya mtu baki.

Nilimkuta anachambua mboga.

"Shikamoo Bi Somoe."

"Marahaba, mjukuu wa mchawi. Bibi yako bado hajafa?"

"Bado. Nimekuja kwa masikitiko makubwa. Shuleni tunafundishwa kutunza mila, lakini naona watani wa siku hizi wamelegea. Ufuta wa Bibi Romana umesimama pale, umeiva, kila mtu anapita anautazama, na hakuna mtani hata mmoja mwenye haya aliyeuiba."

Bi Somoe aliacha mboga. Alinitazama. Kisha akauliza taratibu, "Dativa anajifungua lini?"

"Wiki mbili zijazo."

"Na huyo mwenye kichwa kigumu kasema haendi."

"Kasema hamwombi mtu."

"Mwizi haombwi," alisema Bi Somoe. Akainuka akaanza kumwita mwanawe. "Majid! Majid we! Guta lina mafuta?"

Wizi ulipangwa Jumapili, wakati Bibi yuko kigangoni. Wajibu wangu ulikuwa kumchelewesha. Ibada ilipokwisha nilimfuata katekista Valentini, nikamwomba kwa unyenyekevu anifafanulie somo la kwanza. Katekista Valentini hajawahi kukataa ombi la aina hiyo. Alifafanua somo la kwanza. Akafafanua na la pili. Bibi, aliyekuwa ameniombea niokoke miaka mingi, alikaa kwenye benchi anatabasamu kwa uchaji wangu, nami nilijisikia vibaya, lakini si sana.

Tulirudi jua likiwa limeegemea magharibi, na Bibi akapitia shambani kama kawaida yake.

Hakukuwa na shamba. Palikuwa na visiki vifupi vya ufuta, ekari mbili nzima, vimekatwa vizuri. Hakuna kitita, hakuna hata jani lililosahauliwa.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Sikuweza. Bibi alisimama ukingoni, kitabu chake cha nyimbo mkononi. Akachuchumaa. Wizi mwingine wowote niliowahi kuufanya bwenini, kwenye sukari za watu, haukuwahi kumfanya mtu achuchumae namna ile. Nilikimbia nikamshika bega.

"Bibi, tazama kichanja. Tazama pale!"

Kwenye nguzo ya kichanja ilining'inia ndala moja, imechakaa, imeshonwa kwa uzi wa katani. Mtani haibi kwa kificho. Anaacha kitu chake ujue nani kakuweza.

Bibi aliitambua ile ndala. Kijiji kizima kinaitambua. Papo hapo vigelegele vililipuka kutoka ng'ambo ya njia, wakatokea, watu wapatao arobaini wenye panga na mundu, nguo zimejaa vumbi la ufuta, Bi Somoe mbele akichechemea mguu mmoja peku.

"Romana!" alipaza sauti. "Umeliwa!"

"Somoe, ufuta wangu uko wapi?"

"Wako? Uko uani kwangu, umeanikwa, wajukuu wangu wanaulinda. Utaukomboa kwa jogoo. Na jogoo aliyekomaa, si vile vifaranga vyako vinavyoharisha. Ila leo sipokei jogoo, wala kesho. Napokea ukirudi Arusha. Ukija hapa hujambeba mjukuu, nitaukaanga wote nitengeneze kashata."

Watu walicheka. Bibi alimtazama Bi Somoe, akawatazama wale arobaini mmoja mmoja. Wengine ufuta wao wenyewe ulikuwa bado umesimama shambani.

"Somoe," alisema, "asan..."

"Koma!" Bi Somoe aliinua mundu. "Ukilitamka hilo neno, naurudisha ufuta shambani mti mmoja mmoja, nauchomeka ardhini."

Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akanyooka.

"Mwizi wewe," alisema. "Mwizi, mwana wa mwizi. Una sura kama kibuyu kilichopigana dafrau na jiwe. Hata mbu wakikuuma wanaomba radhi kwa wenzao."

"Sema tena!"

"Na hao uliowaleta, wote, wana nyayo kama majembe, na Mungu awalipe kadiri ya wizi wao!" Watu arobaini wakashangilia kana kwamba wamepewa ng'ombe.

Tuliondoka Jumanne. Kuhusu Arusha ripoti ya Tume ni fupi. Baridi ipo. Boma tulilipita kwa nje, Bibi akasema wamelipaka rangi vizuri, basi. Mlima Meru ulikaa nyuma ya mawingu na haukututafuta.

Shangazi alishikwa na uchungu asubuhi. Muuguzi alituambia tusubiri kwenye benchi, nje ya mlango wa leba. Bibi alikaa. Akasikia kilio cha mwanawe ndani, akasimama, akasogea mpaka mlangoni.

"Dativa! Niko hapa. Unanisikia?"

"Mamaa!"

"Niko hapa. Nisikilize. Somoe kaniibia ufuta."

Muuguzi alitoka amekunja uso, akamkuta bibi kizee mwenye masweta mawili ameegemea mlango, anasimulia kwa sauti ya shambani habari za guta la Majid, na ndala, na jogoo. Nilidhani atatufukuza. Kutoka ndani tulisikia Shangazi anacheka, analia, anacheka tena. Muuguzi alirudi ndani, akaacha mlango wazi kidogo. Bibi alisimulia kisa kile chote, akakirudia tangu mwanzo, akamtukana Bi Somoe kwa kila kiungo cha mwili, mpaka aliposikia sauti ndogo, mpya, yenye hasira, ikimkatisha.

Hapo ndipo Bibi alipokaa sakafuni.

Baadaye, mtoto akiwa mikononi mwake, aliniamuru nipige simu Likawage.

"Haya, mwizi," alisema.

"Haya, mchawi. Wamenusurika?"

"Wamenusurika wote wawili. Ni wa kike. Mzuri, hakufanana na wewe hata kidogo."

Safari hii Bi Somoe hakurudisha tusi.

"Alhamdulillahi," alisema polepole. Kisha kikohozi. "Basi kata simu, Romana. Mbuzi wameuona ufuta wangu."

"Wako?"

"Wangu," alisema Bi Somoe, na kwa mbali tukamsikia anawafukuza.