Kadi ya Haraka

Masumbuko aliomba ruhusa ya siku moja tu ghalani anakofanya kazi, Louisville, na kabla jua halijachomoza alikuwa barabarani kwenda Buffalo, kwa Généreuse, mke wa marehemu mdogo wake Cikuru.

Safari yote ilikuwa ya kufuata sauti. Cikuru aliacha kompyuta ndogo ya mkononi, ya zamani, ya kutumia mapile, yaani betri za kawaida. Enzi za Bukavu aliisemea ndani, akiwaeleza watoto ambao hawajazaliwa ukoo wao ni upi. Sasa spika yake imekufa na tundu la waya limevunjika. Njia iliyobaki ilikuwa kuichomekea kadi ya modemu ubavuni, kuiunga na simu ya ukutani, na kuituma sauti kwa barua pepe. Kadi hizo haziuzwi tena madukani, ila kwa mzee mmoja wa Clintonville, kule Columbus, njiani kwenda Buffalo, mwenye chumba kilichojaa vyuma vya kizamani.

Mzee alimwekea mbili mezani.

"Hii ni ya polepole. Utakesha nayo. Hii ina mwendo mara mbili, lakini inakunywa betri. Kwa mashine yako, chukua ya polepole."

Masumbuko hakuwaza mashine. Aliwaza zamu yake ya alfajiri.

"Nipe ya haraka."

"Nimekuambia inakunywa."

"Acha inywe. Mimi nimekulia kwenye redio za mapile."

Mchana, Buffalo, Généreuse alimpokea mlangoni akicheka. "Shemeki! Umekonda hivi? Louisville hakuna bugali?"

"Bugali iko. Wa kuisonga ndiye hayuko."

"Bon, leo utakula. Naenda Grant Street kutafuta sombe. Wewe anza tu. Lakini Cikuru alinikataza kitu kimoja juu ya iyo mashini: mapile yote isitoke mara moja. Kubwa ikitoka, ile kadogo ibakie."

"Nenda, shemeki. Mimi si mtoto."

Alichomeka kadi. Simu ikapiga kelele, ikaunga, sauti ikaanza kwenda. Haikufika hata robo. Kioo kikafifia, mashine ikadai mapile, kisha ikazimika.

Madukani yako mapile mapya, na Généreuse alikuwa huko huko. Simu moja tu ingetosha. Lakini Masumbuko alitazama saa, na mikono ikafanya ilichozoea tangu utoto: pile likichoka, unalitoa, unalipasha moto, linafufuka kidogo. Alitoa yale makubwa. Akatoa na lile dogo pia, maana kwenye redio hakuna kuchagua. Akayapanga juu ya radieta inayopasha nyumba joto, akanywa chai.

Alipoyarudisha, mashine iliwaka vizuri kuliko mwanzo. Ikamkaribisha. Ikamwuliza anatumia lugha gani, na leo ni tarehe ngapi. Masumbuko alifungua kila mahali. Kila mahali palikuwa peupe, hakuna hata faili moja la sauti.

Généreuse aliingia na theluji mabegani, sombe, majani yale ya muhogo, mkononi. Akaona waya wa simu umechomolewa, akaona uso wa shemeji yake.

"Imekufa?" aliuliza. "Ni mashini mzee, shemeki. Usijisumbue. Ilikufa yenyewe, eh?"

Hapo ndipo alipofunguliwa mlango wa kutorokea. Kusema "eh" tu kungemtosha, angekula, angerudi Louisville akiwa mtu mwema aliyejaribu. Alifungua mdomo aseme hivyo.

"Ni mimi," akasema. "Nilitoa mapile yote. Na lile dogo lililoshika sauti."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Na mzee wa kadi aliniambia. Nilikuwa na haraka."

Généreuse aliweka sombe chini taratibu.

"Yote imeenda?"

"Yote."

"Wewe ulimusikia? Hata kidogo?"

"Hapana. Spika haisemi."

Généreuse alitikisa kichwa, akaenda jikoni. Masumbuko alisubiri afukuzwe, angeshukuru. Badala yake alisikia sufuria, kisha mwiko. Généreuse alirudi na maji ya kunawa, akamshikia beseni kama mgeni yeyote, akamwekea bugali na sombe.

"Kula, shemeki. Uko na barabara mrefu."

Yeye hakujipakulia. Alikaa upande wa pili wa meza akitazama mikono ya Masumbuko ikimega, ikichovya, ikipeleka mdomoni. Masumbuko alikula mpaka sahani ikaisha, na alipomaliza, Généreuse akamwongeza.