Kipaza Sauti cha Marietha

Kipaza sauti cha Marietha kiliwahi kuchomoka kwenye pikipiki njia ya Iguguno, kikabingirika hadi katikati ya ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara, na mmoja akakikanyaga bila haya. Kilibonyea kichwani. Jioni ile ile kilipanda jukwaani kikatoa sauti kama kawaida, na Marietha akawachekesha watu kwa kusema kwamba sasa kina kovu la kazi. Wengine hujaribu kipaza sauti kwa kuhesabu moja, mbili. Yeye alikuwa akiuliza, "Baba Sara, unanisikia?" na Gervas, mumewe, akainua mkono kutoka nyuma ya mitambo ya kwaya.

Kisha homa moja tu ikamchukua Marietha. Hilo Gervas hakuweza kulisamehe. Chuma kilichokanyagwa na ng'ombe kipo, na mwanamke aliyekuwa akiiamsha Kinyangiri nzima kwa kuimba hayupo! Baada ya mazishi Gervas alikiviringisha kile kipaza sauti kwenye kitenge cha mkewe, akakificha kabatini, akawapa waimbaji kingine cha bei rahisi. Kila Jumapili kabla ya ibada alikifungua akakinusa. Marietha hakuwa akipanda jukwaani bila kutafuna tangawizi, na Gervas aliamini kwamba harufu ile bado imo nyuma ya wavu wa kichwa chake. Ndiyo pumzi pekee ya mkewe iliyobaki duniani.

Kile cha bei rahisi kilianguka mara moja tu, kutoka mezani, kikafa. Na Jumamosi kulikuwa na harusi.

"Baba Sara," alisema Ignas, mwalimu wa kwaya, "najua ninachokuomba ni kizito."

Gervas alikwenda kabatini. Alikitoa kile cha Marietha.

Mazoezini alikishika Belinda, binti aliyepewa nafasi ya Marietha. Aliimba ubeti mmoja, akakunja pua.

"Samahani, Baba Sara. Maiki inanuka."

"Hiyo ni tangawizi," Gervas alimkatiza kwa ukali.

"Mimi nasikia vumbi, baba." Belinda aliuona uso wake, akainamisha kichwa. "Labda ni pua yangu tu."

Gervas alirudi nacho nyumbani, moyo umemfura kwa hasira. Aliketi uani, akakizungusha kile kichwa kilichobonyea hadi kikafunguka, akatoa sponji ndogo iliyokuwa ndani. Akaivuta puani kwa nguvu. Vumbi. Akanusa tena, amefumba macho, akimwita Marietha kwa jina. Vumbi na kutu. Tangawizi ilikuwa imeondoka siku nyingi, na aliyekuwa akiirudisha mle kila Jumapili, kwa kumbukumbu zake tu, ni yeye mwenyewe. Alilia pale pale uani, kuku wakimtazama, wala hakujali nani anapita.

Alipotulia alileta beseni na sabuni. Aliikamua sponji taratibu mpaka maji ya kahawia yakawa meupe. Hakuthubutu kuyamwaga njiani, watu wasije wakayakanyaga, akayapeleka pembeni ya ua palipojiotea alizeti. Sponji aliining'iniza kwenye kamba ya nguo, na upepo wa Singida, ambao haujui kupumzika, ukaikausha upesi.

Jumamosi Belinda alipanda jukwaani, akakileta kipaza sauti karibu na midomo. Watu waliona anasema, lakini spika zilikuwa kimya. Ignas aligeuka kumtazama Gervas. Nyaya zote zilikuwa mahali pake. Kilichokuwa hakijafanyika ni kuongeza sauti tu, na mkono wa Gervas ulikuwa umeganda juu ya kitufe, umekataa. Alijua kwamba akikizungusha, sauti itakayotoka mle itakuwa ya mtu mwingine.

Alikizungusha kidogo, akasita, akakizungusha tena.

"Baba Sara," spika zikalia ghafla uwanja mzima, "unanisikia?"

Wageni walicheka. Belinda alisubiri, macho kwenye mitambo, kipaza sauti mdomoni.

Mkono wa Gervas ulichelewa kidogo. Kisha ukainuka.