Kuanza Anaweza Yeyote

Duane Kremers alikuwa na sababu nyingi za kumzuia Ezra Thull asianze mechi, na uzuri wa sababu hizo ni kwamba hakuna hata moja iliyomtaja Duane Kremers.

Alizitoa zote Jumapili ya kwanza ya Juni, baada ya misa, ndani ya banda la timu ya besiboli ya Meierfeld, mbele ya wachezaji na sinia la soseji. Ezra alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu kwa likizo, na alirudi na mkono ambao kijiji kile hakijapata kuuona. Mpira wake ulisikika kabla haujaonekana. Gary Loso, mdakaji wa timu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchutama nyuma ya mpigaji na kuudaka, alikuwa ameanza kutia sifongo ndani ya glavu. Swali likawa moja: kijana huyu awe mrushaji wa kuanza mechi, au akae pembeni aingizwe mwishoni kuizima?

"Mwishoni," alisema Duane, ambaye ndiye kocha. "Mkono wa kijana ni wa kutunzwa. Na sikilizeni, kuanza anaweza kuanza yeyote. Mechi bado changa, watu wanatafuta viti, hata ukiharibu kuna muda wa kurekebisha. Lakini mwisho! Vituo vimejaa wakimbiaji wao, watu roho juu. Hapo ndipo panapotaka mwanamume hasa."

Gary alikuwa kaka wa mke wa Duane, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumwogopa. Alitafuna soseji yake mpaka ikaisha.

"Na kwa sasa anayeanza ni nani, shemeji?"

"Mimi."

"Haya. Nilikuwa nauliza tu."

Wakacheka wote, na Duane akacheka kwa sauti kuliko wote, kama afanyavyo mtu aliyekamatwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hii alikuwa ameiwamba barabara. Alikuwa na miaka arobaini na moja, fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, kocha na mrushaji kwa wakati mmoja, maana katika timu za vijiji vya Minnesota kocha ni yule aliyekubali kukata majani ya uwanja. Alikuwa akianza mechi za Meierfeld tangu Ezra anavaa nepi. Mpira wake wa kasi ulikuwa umeshajifia zamani bila matanga. Alibakiwa na ule wa polepole, ambao ulimwendea mpigaji kama barua ya serikali: unajua inakuja, lakini lini?

Yeye mwenyewe alijua. Kila asubuhi akinyoa alijitazama kwenye kioo akajiambia, "Duane, wewe ni mwongo," kisha akaendelea na upande wa pili wa shavu. Lakini kile kichuguu cha mrushaji katikati ya uwanja, saa nane mchana siku ya Jumapili, kikiwa hakijakanyagwa na mtu, na kijiji kizima kimenyamaza kikimngoja yeye! Siku nyingine watu walimngoja pale tu mashine ilipogoma na ng'ombe anapiga kelele. Mnyang'anye kichuguu, atabaki fundi mwenye tumbo. Hilo ndilo alilokuwa akilipigania, na alilipigania kwa jina la mkono wa kijana.

Basi kiangazi kikaenda hivyo. Duane alianza, akapigwa kidogo, akapigwa zaidi. Ilipofika awamu ya saba kati ya tisa Ezra alitoka kwenye kona ya kupashia mwili, kule kando ya shamba la mahindi, akawamaliza waliobaki kama mtu anayezima taa za nyumba. Kufikia hapo watazamaji walikuwa wamepungua. Saa kumi wenye ng'ombe huondoka kwenda kukamua, maana ng'ombe hangoji awamu ya tisa, na magari yao yalitimua vumbi nyuma ya jukwaa wakati Ezra anapanda kichuguu. Hakulalamika hata siku moja. "Sawa, kocha," ndilo lilikuwa jibu lake. Duane angefurahi zaidi kama angetukanwa.

Agosti ikaja, na mechi za mkoa. Ukishindwa mara mbili unarudi nyumbani. Jumamosi Duane alianza kama kawaida, akapigwa katika awamu ya kwanza mpaka mwamuzi mwenyewe akamwonea huruma. Ezra, aliyejua kwamba kazi yake haianzi mpaka jioni, alikuwa kwenye foleni ya jibini ya kukaanga. Alipofika dirishani kuhudumiwa, Meierfeld walikuwa nyuma kwa pointi sita, na mechi ikabaki kumaliziwa kwa adabu tu.

Jumapili walikuwa na Elmdahl. Atakayeshinda anakwenda mashindano ya jimbo, atakayeshindwa anakwenda kukata majani ya uwanja. Katika banda Duane alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi ya majina, na kalamu haikutaka kushuka.

"Shemeji," alisema Gary, "mimi nimefikiria yale maneno yako ya Juni. Yana hekima sana."

"Gary, tusianze."

"Subiri. Ulisema kuanza anaweza yeyote. Basi hiyo kazi ya yeyote tumpe huyu mtoto. Mwisho panataka mwanamume hasa, si ndivyo? Mwanamume mwenyewe ni wewe. Au siyo, jamani?"

"Ndiyo!" walipaza sauti wote, na mmoja nyuma alikuwa anauma taulo asicheke.

Mkuki kwa nguruwe. Duane aliwatazama mmoja mmoja akitafuta pa kutokea, asipaone. Akikataa, amekiri kwamba kiangazi chote alikuwa anajitetea. Akikubali, basi miaka yote hii alikuwa yeyote. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Aliandika jina la Ezra mwanzo.

Kijana alilitazama lile jina. "Kweli, kocha?"

"Nenda kabla sijafuta."

Ezra alitoka nje upesi akiwa na simu sikioni.

Kilichofuata Duane alikitazama akiwa amekaa juu ya sanduku la barafu, akitema maganda ya alizeti. Awamu ya kwanza wapigaji watatu wa Elmdahl walikuja na kurudi bila kugusa mpira. Ya pili, vivyo hivyo. Mpira ulitua kwenye glavu ya Gary kwa mlio wa mlango unaobamizwa, na jukwaa lote, likiwa bado limejaa, lilisimama. Kufikia awamu ya tano Duane alikuwa amesahau wivu. Kufikia ya saba alikuwa anapiga kelele kama mtoto. Meierfeld walikuwa na pointi moja, Elmdahl hawana kitu.

Awamu ya tisa mkono ukachoka. Mpigaji wa kwanza alitolewa, lakini wa pili alipewa kituo bure kwa mirusho iliyopotoka, wa tatu vilevile, wa nne akagongwa begani na mpira. Vituo vitatu vimejaa. Duane alitoka kwenda kichuguuni kama kocha.

"Vipi, mwanangu?"

"Mkono umeisha, kocha."

"Umefanya kazi. Lete mpira."

Kisha akafanya lile ambalo kila kocha hufanya: akageukia kona ya mahindi, akainua mkono wa kulia juu kabisa kumwita mrushaji wa kumalizia.

Hakuja mtu. Upepo ulipita kwenye mahindi. Duane aliinua mkono tena, safari hii kwa hasira, maana alichukia uzembe.

"Shemeji," Gary, aliyekwishafika kichuguuni, aliuliza polepole, "unamwita nani?"

"Mrushaji."

"Mrushaji gani?"

Kona ilikuwa tupu kwa sababu aliyetakiwa kuwa kule anapasha mkono tangu awamu ya saba alikuwa amekaa juu ya sanduku la barafu anakula alizeti. Maishani mwake hajawahi kuingia mwishoni, na hakujua kwamba mtu hujiandaa.

"Oneni!" alipayuka mmoja wa Elmdahl. "Anajipungia mwenyewe!"

Mwamuzi akaja. "Kocha, umeita. Nani anaingia?"

"Mimi," alisema Duane, na sauti ikamtoka nyembamba.

Alipewa mirusho michache ya kujinyoosha, na bega likalia kama bawaba. Mpigaji wa Elmdahl alikuwa ametazama mchana kutwa mipira inayopita kama risasi. Duane akamtumia barua ya serikali. Mpigaji alizungusha gongo kwa nguvu zote, akamaliza, na mpira bado uko njiani. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu alianguka chini, akatolewa, kofia ikamwendea mwamuzi. Duane hakujidanganya: aliyemtoa mtu huyu ni Ezra, yeye alifika kuokota kofia.

Wa mwisho alikuwa mjanja. Alingoja, akangoja, akaupiga mpira moja kwa moja kwenye tumbo la Duane. Lile tumbo ambalo Renae, mkewe, alikuwa amelisema miaka kumi liliuzuia mpira kama gunia la unga. Ukadondoka miguuni. Duane, bila pumzi, aliuokota akamtupia Gary, na Gary akakanyaga kituo cha nyumbani kabla mkimbiaji hajafika.

Wa tatu ametoka, mechi imekwisha. Gary alivua barakoa akaja mbio akamnyanyua juu, kisha wakaja wengine wote wakamwangukia. Duane alilia waziwazi. Aliyeanza mechi hupigwa kofi la mgongoni akaenda kukaa. Mechi ikiisha yuko benchi na barafu begani. Kumbe miaka yote hiyo kukumbatiana kulikuwa huku mwisho, na yeye hakujua.

Jioni katika banda alisimama na bia mkononi na kidole kilekile cha Juni. Alieleza kwa nini kijana mwenye mkono kama ule lazima aanze, kwa nini ni dhambi kumficha kwenye mahindi, na kwa nini kazi ya mwisho inafaa mtu mzima aliyetulia.

"Mume wangu," alisema Renae, "umegeuza shati, jasho ni lilelile."

Watu wakacheka sana. Duane alimsogelea Ezra. "Nasema kweli. Jumamosi kwenye mashindano ya jimbo unaanza tena."

"Sitakuwepo, kocha. Chuo kinafunguliwa Jumatano. Na kule wameshaniambia mimi ni wa kuingia mwishoni tu. Wa kuanza wanao." Alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli, ndilo lililomuumiza Duane. "Asante kwa leo. Mama ameniona. Alikaa mpaka saa kumi."

"Hajawahi kukuona?"

"Kiangazi hiki? Angeniona saa ngapi? Mimi naingia, yeye anakwenda kukamua."

Mashine ya kukamulia ya mama Thull Duane aliifunga kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna mtu Meierfeld aliyejua saa ya kukamua ya nyumba ile kuliko yeye, na vumbi la gari la mama huyo alikuwa ameliona kila Jumapili akiwa benchi, na barafu begani.

Alimshika kijana mkono, akautazama ule mkono, akauachia.

Njiani kurudi nyumbani Renae ndiye aliyeendesha. Mahindi yalipita pande zote mbili.

"Sasa Jumamosi," aliuliza, "ataanza nani?"

"Yeyote," alisema Duane.